Diski Iliyobanwa Ikigoma: Jinsi ya Kuokoa Kumbukumbu za Kikundi

Safari hii tutaeleza jambo ambalo kwa juu juu laonekana ni la mafundi wa mjini peke yao, lakini linahusu mali ya kikundi. Ni habari ya kompyuta za zamani, zile za miaka ya 1990, ambazo diski yake ilibanwa ili ibebe mambo mengi zaidi.

Leo hakuna anayefanya kazi ya kila siku kwa mashine kama hizo. Hesabu nyingi ziko kwa simu. Lakini kama kikundi chenu kilikuwa na katibu aliyeandika kumbukumbu kwa kompyuta wakati ule, huenda mashine bado iko ofisini, imefunikwa kwa leso na kuwekewa vyombo juu. Ndani yake mna majina ya waanzilishi, hisa za kila mtu, mikopo, na siku ambazo kila mwanachama alifanya kazi ya mwethya kuchimba matuta au kujenga bwawa la mchanga.

Hayo si mambo ya kale tu. Mjane akija kudai hisa za marehemu mume wake, mtaangalia wapi? Kikundi kikienda ofisi ya maendeleo ya jamii kwa ajili ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kinahitaji orodha ya wanachama, katiba, na kumbukumbu za mikutano. Ikiwa daftari liliwa na mchwa, basi shahidi aliyebaki ni ile mashine. Na mashine yenyewe ikiwashwa baada ya miaka mingi, mara inasema diski ina makosa, au inaonyesha diski iko tupu. Hapo ndipo watu hukata tamaa, na mtu wa haraka hufuta kila kitu ili "ianze upya". Neno kuu la makala hii ni moja: nakili kwanza, tengeneza baadaye.

KUBANA DISKI NI NINI?

Mnajua jinsi katibu anavyoandika rejista. Mstari wa kwanza anaandika jina la kijiji, lokesheni na wilaya. Mistari inayofuata haandiki tena maneno yale yale. Anaweka alama mbili ndogo za kusema "kama hapo juu". Ukurasa mmoja unabeba watu wengi zaidi, na hakuna kilichopotea.

Programu ya kubana diski inafanya vivyo hivyo. Ikikuta maneno yaliyokwisha kuandikwa, haiyarudii. Inaweka alama fupi ya kusema "tazama pale nyuma". Ukifungua faili, programu inarudisha maneno yote mahali pake, nawe huoni tofauti.

Lakini fikirini: ule mstari wa kwanza wa rejista ukichanika, zile alama za chini zinasema nini? Hazisemi kitu. Ndiyo sababu kosa dogo kwa diski iliyobanwa huumiza zaidi kuliko kosa lile lile kwa diski ya kawaida.

Kuna jambo la pili la kukumbuka. Diski nzima iliyobanwa kwa kweli ni faili moja kubwa sana, iliyofichwa. Mambo yote mnayoyaona kwa C yamo ndani ya faili hiyo. Jina lake huwa DBLSPACE.000 au DRVSPACE.000, na kwa mashine zilizotumia Stacker ni STACVOL.DSK. Faili hiyo inakaa kwa diski ya kweli, ambayo tutaiita diski mwenyeji. Mashine ikiwaka sawasawa, diski mwenyeji hupewa herufi nyingine, mara nyingi H. Anayefuta faili hiyo kubwa akidhani ni takataka, amefuta ofisi nzima.

ILITOKA WAPI?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 diski zilikuwa ghali na ndogo. Mashine yenye megabaiti 40 au 80 ilikuwa mashine ya maana. Kampuni ya Stac Electronics ya Marekani ikaleta Stacker mwaka 1990. Machi 1993 Microsoft nayo ikatoa MS-DOS 6.0, ikiwa na programu yake ya kubana iitwayo DoubleSpace.

Watu wengi wakalalamika kwamba wamepoteza faili. Sababu mojawapo ilikuwa hii: programu nyingine iitwayo SMARTDrive ilikuwa inashika maandishi kwa memori kwanza, kisha inayaandika kwa diski baadaye kidogo. Mtu akizima mashine mapema, au stima ikipotea, maandishi yanabaki hewani. Novemba 1993 ikatoka MS-DOS 6.2, ambayo ilipunguza hatari hiyo na kuleta ScanDisk, programu ya kukagua diski.

Stac wakaishtaki Microsoft kwa kutumia uvumbuzi wao. Februari 1994 mahakama huko California iliamua Microsoft ilipe dola milioni 120. MS-DOS 6.21 ikatolewa bila programu ya kubana, na mwaka huo huo wa 1994 MS-DOS 6.22 ikaja na DriveSpace badala ya DoubleSpace. Baadaye Windows 95 na Windows 98 pia zilikuwa na DriveSpace. Lakini Windows 2000, XP, na zote zilizofuata haziwezi kusoma diski hizo. Ndiyo maana kijana aliyesoma kompyuta miaka hii anaweza kuwa mjuzi kabisa na bado asijue anachokitazama. Tusimlaumu.

KABLA YA KUGUSA KITU

Kwanza, kikao. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wakubaliane ni kumbukumbu gani zinatafutwa, na nani atashika kazi. Mashine isiguswe na watu watano kila mmoja kwa wakati wake.

Pili, fungueni kisanduku mtoe vumbi kwa brashi laini, mashine ikiwa imechomolewa kwa stima. Vumbi jekundu la huku kwetu hujaa kwa feni, na mashine ikipata joto inaweza kuzima katikati ya kazi. Sanduku lenyewe la umeme ndani ya mashine lisifunguliwe kamwe, lina hatari hata likiwa limechomolewa.

Tatu, tafuteni stima ya kuaminika. Mnakumbuka ukame wa 1999 na 2000, stima ikawa ya mgao nchi nzima. Mashine nyingi za wakati ule zilizimika katikati ya kuandika. Msirudie. Kama stima yenu inakuja na kwenda, tumieni mahali penye betri ya akiba.

Nne, andikeni kwa daftari kila ujumbe unaotokea kwa skrini, neno kwa neno. Mkimpigia fundi wa Wote au Kitui mjini mkamwambia "imekataa", hawezi kuwasaidia. Mkimsomea maneno yenyewe, ataweza.

Tano, andikeni VER kisha Enter. Mashine itawaambia ni toleo gani la MS-DOS. Hilo ndilo litakalowaambia dawa gani itumike.

MATATIZO YANAYOTOKEA SANA

1. C inaonekana tupu, au karibu tupu

Hili ndilo linalotisha watu kuliko yote, na mara nyingi si msiba. Mto wetu ukionekana mkavu mwezi wa Septemba, mtu wa Kitui hasemi maji yamekwisha. Anachimba mchangani. Hapa pia maji yako chini.

Maana yake ni kwamba programu ya kubana haikuamka mashine ilipowaka, labda kwa sababu mmewasha kwa disketi ya toleo jingine. Kwa hiyo mnachokiona kwa jina la C ni diski mwenyeji. Andikeni:

DIR C: /AH

Amri hiyo huonyesha faili zilizofichwa. Mkiona DBLSPACE.000 au DRVSPACE.000 yenye ukubwa wa mamilioni mengi, shukuruni. Ofisi yenu iko. Ondoeni disketi, washeni mashine tena kwa diski yake yenyewe. Kama mashine imewaka kwa diski yake, na diski mwenyeji inaonekana lakini ile iliyobanwa haikuunganishwa, andikeni hivi mkiweka herufi ya diski mwenyeji:

DBLSPACE /MOUNT H:

Kwa MS-DOS 6.22 neno la kwanza liwe DRVSPACE. Na mtu akiwashauri kuandika FORMAT, mkataeni kwa heshima.

2. Mashine inasema diski imejaa, na jana ilionyesha iko nafasi

Nafasi inayoonyeshwa kwa diski iliyobanwa ni makisio tu. Programu inakisia kwamba vitu vitakavyokuja vitabanwa mara mbili. Tuseme nafasi ya kweli iliyobaki ni megabaiti 20. Mashine itasema 40. Mkiweka orodha za majina na barua, huenda 40 zikaingia, kwa sababu maneno hurudiarudia. Mkiweka picha za aina ya JPEG, ambazo zilikwisha kubanwa zenyewe, zitaingia 20 basi. Ni kama gunia: nguo utazishindilia, mawe huwezi.

Kuona kila faili imebanwa kiasi gani, andikeni DIR /C. Lakini kwa kazi yetu ya leo dawa ni rahisi: msiongeze kitu chochote kwa diski hiyo. Tunatoa, hatuweki.

3. Mashine inasema ile faili kubwa imeharibika

Ujumbe huu ukitokea lakini bado mnaweza kuona faili zenu kwa C, acheni mengine yote mnakili sasa hivi, kama tutakavyoeleza chini. Baada ya hapo ndipo mkague. Kwa MS-DOS 6.2 au 6.22 anzeni na:

SCANDISK C: /CHECKONLY

Hii inaangalia tu bila kurekebisha. ScanDisk ikiuliza kama ikague diski mwenyeji kwanza, kubalini, maana msingi ukiwa umepasuka hakuna haja ya kupaka ukuta rangi. Mkiwa tayari kurekebisha, andikeni SCANDISK C: peke yake. Itawauliza kama mnataka disketi ya kurudisha mambo yalivyokuwa. Semeni ndiyo, muweke disketi tupu.

Kama C haionekani kabisa, ScanDisk inaweza kukagua ile faili kubwa yenyewe:

SCANDISK H:\DBLSPACE.000

Wenye MS-DOS 6.0 hawana ScanDisk. Wao watumie CHKDSK C: kisha DBLSPACE /CHKDSK.

4. Mashine inasimama ghafla na kutoa onyo la DoubleGuard

Huyu ni mlinzi wa MS-DOS 6.2. Akiona programu fulani imeharibu sehemu ya memori inayotumiwa na DoubleSpace, anasimamisha mashine yote ili uharibifu usiingie kwa diski. Msimkasirikie. Zimeni, washeni tena, mnakili kumbukumbu zenu, kisha mkague diski kwa ScanDisk. Onyo likirudi kila mara, huenda ni programu moja yenye kasoro, au memori ya mashine yenyewe imechoka.

5. Mashine haioni diski hata kidogo, na tarehe imerudi 1980

Hapa kubana hakuhusiki. Ile betri ndogo ya ndani imekwisha, na mashine imesahau aina ya diski iliyo nayo. Fundi abadilishe betri, kisha aingie kwa ukurasa wa matayarisho na kuandika vipimo vya diski. Mara nyingi vipimo hivyo vimeandikwa kwa karatasi iliyobandikwa juu ya diski yenyewe. Ni kazi fupi, na watu wametupa mashine nzima kwa kukosa betri tu.

JINSI YA KUNAKILI

Habari njema ni hii: mkinakili faili kutoka C kwenda kwa disketi, inajifungua yenyewe njiani. Ikifika kwa disketi ni faili ya kawaida, inasomeka popote. Tuseme hesabu ziko kwa folda iitwayo HESABU. Andikeni:

COPY C:\HESABU\*.* A:

Disketi ya inchi tatu na nusu inabeba megabaiti 1.44. Ni kidogo, lakini orodha za majina si kubwa. Anzeni na kumbukumbu za muhimu: wanachama, hisa, mikopo, mikutano. Barua za salamu zingoje. Msitumie MSBACKUP, kwa sababu inafunga faili kwa namna yake, na mtahitaji programu ile ile kuzifungua.

Kisha pelekeni disketi kwa kompyuta ya kisasa yenye kisomea disketi cha USB. Programu ya bure ya LibreOffice inafungua faili nyingi za zamani, kama zile za dBase zinazoishia DBF, za Lotus 1-2-3 zinazoishia WK1, na za WordPerfect. Fungueni kila moja mbele ya katibu, muone kama majina na hesabu ziko sawa, kabla ya kusema kazi imekwisha.

Kabla ya kuzima mashine ya zamani, fungeni programu zote. Kama ni MS-DOS 6.0, andikeni SMARTDRV /C ili kila kitu kilichoshikwa kwa memori kiandikwe. Ngojeni taa ya diski izime. Ndipo mzime.

KAMA MASHINE IMEKUFA LAKINI DISKI NI NZIMA

Diski inaweza kutolewa na kuunganishwa kwa kompyuta mpya kwa kutumia adapta ya IDE kwenda USB. Si kila adapta inatambua diski ndogo za zamani sana, kwa hiyo ya kwanza ikishindwa, jaribuni nyingine kabla ya kusema diski imekufa. Windows ikiuliza kama iiandae diski upya, jibu ni hapana.

Kompyuta mpya itaona ile faili kubwa tu, haitaona yaliyomo. Hilo ni sawa. Fundi afanye nakala kamili ya diski nzima, kwa programu kama ddrescue, kisha diski yenyewe iwekwe kando isiguswe tena. Nakala ile huwashwa ndani ya programu inayoiga kompyuta ya zamani, kama QEMU au VirtualBox, ikiwa na MS-DOS ya toleo linalofaa. Hapo C itafunguka kama zamani. Jambo moja la kuangalia: diski iliyobanwa kwa DriveSpace 3 ya Windows 98 haisomeki kwa MS-DOS 6.22. Inataka Windows 98.

Uzuri wa njia hii ni kwamba fundi akikosea, amekosea kwa nakala. Asili yenu iko salama. Nanyi kabla ya kukubaliana bei mwulizeni swali moja: utafanya nakala kwanza? Akisema hakuna haja, chukueni diski yenu mwende kwa mwingine.

Tena, mwanachama mmoja abaki na fundi wakati wa kazi. Ndani ya diski mna namba za vitambulisho na madeni ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka habari za watu zilindwe. Kwa sababu hiyo hiyo msiuze mashine ya zamani kama chuma chakavu diski ikiwa ndani.

BAADA YA KUOKOA

Wekeni nakala tatu. Moja kwa kompyuta ya ofisi, moja kwa fleshi diski inayokaa nyumba nyingine, na ya tatu ichapishwe kwa karatasi, itiwe sahihi na mwenyekiti na katibu, iwekwe mahali ambapo mchwa hafiki. Msibane tena. Fleshi diski ndogo ya siku hizi ina nafasi mara nyingi kuliko diski nzima ya mwaka 1993, kwa hiyo ile sababu ya kubana imekwisha.

Kazi hii itachukua siku mbili tatu na fedha kidogo za fundi. Lakini jasho la wale waliobeba mawe na mchanga mgongoni linastahili kuandikwa mahali linaposomeka.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kumbukumbu za kikundi chetu tangu mwanzo ziko wapi leo? Nani anajua?
2. Kama kuna mashine ya zamani, ni nani alikuwa katibu wakati ule, na je, anakumbuka majina ya faili alizotumia?
3. Ofisi ikishika moto usiku wa leo, tutabaki na nini cha kuonyesha hisa za kila mwanachama?